Nilivyomharibu Karani

Harufu ya kamba mpya ya katani bado inanishinda. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Pasiansi, na miaka yote sijaweka katani. Naweka manila, ya bluu na ya njano, isiyonuka chochote. Mwezi uliopita msambazaji alichanganya mzigo akaniletea roli zima la katani ambalo sikuliagiza. Nilipasua gunia kwa kisu, harufu ikanijaa puani, na mara nikajikuta nimekaa juu ya mfuko wa saruji, mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, nalia mbele ya mteja. Mteja mwenyewe, baba mmoja aliyefuata misumari ya bati, alidhani nimejikata. Alinishika kiganja akawa anatafuta damu. Nilimwambia ni vumbi tu, nikamfungia misumari yake, naye akaondoka akigeukageuka nyuma.

Tuliokulia upande wa Igombe tunajua katani ilikuwa ya nini. Kabla matrekta ya mkono hayajaenea, mwaka wa familia ulitegemea ng'ombe wawili wenye uwezo wa kuvuta plau ndani ya jaruba la mpunga bila kugombana. Maksai wa kufundishwa alianza kwa kufungwa kamba ya katani kwenye pembe, na kwetu aliyeifunga kamba hiyo hakuwa baba. Alikuwa Shangazi Minza, dada mkubwa wa baba.

Shangazi alikuja kwetu nikiwa darasa la pili, na sanduku moja la bati, akitokea kwa mumewe Sengerema. Hakuna aliyenieleza sababu. Nilichokijua ni kwamba siku ya kwanza alilala mpaka saa nne asubuhi na mama akatukataza kupiga kelele, na kwamba mtu akiitaja Sengerema wakati wa kula, shangazi aliacha kutafuna. Kwa akili yangu hayo yalitosha. Niliamua mwenyewe kwamba Sengerema ni mahali ambapo shangazi hapaswi kurudi.

Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana, na alinipenda kwa kunichokoza. Jina langu ni Limi, lakini yeye aliniita Haraka, kwa sababu nilikula haraka, nilifua haraka nikaacha sabuni kwenye nguo, na nilikuwa na makovu mengi ya magoti kuliko mvulana yeyote pale kijijini. Kazi ya ng'ombe alifundishwa na babu. Babu alichelewa kupata mtoto wa kiume, akaona akisubiri atazeeka, akamshika binti aliyekuwepo. Wiki chache tu baada ya kuhamia kwetu, shangazi alimkuta jirani yetu Masanja akimchapa ndama wake puani, akaenda akamnyang'anya fimbo bila hata kumsalimia. Mwisho wa kiangazi ndama yule alikuwa anasimama kwa neno moja, na Masanja mwenyewe akawa ndiye mtangazaji wake. Watu wakaanza kuleta ndama zao. Shangazi akawa mtu mwenye kazi yake, si mwanamke aliyerudi kwao. Tofauti ya mambo hayo mawili nimeielewa nikiwa mkubwa, nilipokuwa nimeshaiharibu kazi hiyo.

Sasa, namna yake ya kufundisha ilinikera mno. Baba alikuwa na maksai mmoja mzee, Tajiri, ambaye mwenzake alikuwa amekufa, na alinunua mwingine mchanga ili wawe jozi. Huyo mchanga alikuwa wa kahawia, paji la uso jeupe, na kabla ya kula alikuwa anayakodolea majani macho, anayapitia kwanza, hana pupa. Baba akasema huyu ni karani, anakagua sahihi. Jina likabaki. Kwa wiki za mwanzo shangazi hakufanya lolote na Karani, kwa macho yangu mimi. Aliketi zizini juu ya ndoo iliyopinduliwa, magadi kiganjani, akitazama kwingine. Karani alikuja akanusa, akaondoka. Akaja tena, akalamba. Ndipo shangazi alipoinuka na kwenda zake kuchambua mboga.

Baadaye akamfunga ile kamba kwenye pembe na kumwacha aiburute mwenyewe siku kadhaa, mpaka aisahau. Kisha akamwongoza kwenda ziwani kunywa maji, kamba imelegea, yeye akitembea ubavuni si mbele. Kisha nira, nayo si ya kuvuta kitu: alivalishwa yeye na Tajiri, wakasimama tu wawili, muda wa kuchemsha chai, akawavua. Alisema shingo ya ng'ombe mchanga ni laini, lazima ngozi ikomae taratibu, na kwamba kichwa nacho kina ngozi yake. Ilifika mahali Karani alikuwa anaona nira imeinuliwa, anasogea mwenyewe na kuingiza shingo chini yake.

Siku alipofanya hivyo mara ya kwanza nilipiga makofi. Shangazi akamvua nira palepale, akamkuna chini ya taya, akamwachia.

"Mbona unamwacha, shangazi? Si ndiyo kwanza ameweza?"

"Ndiyo maana namwacha."

"Lakini angeweza kuvuta na gogo!"

"Angeweza. Halafu?" Alikuwa anazungusha kamba kwenye kiwiko chake, hana hata haja ya kunitazama. "Akilala na hili aliloliweza, kesho atakuja nalo mwenyewe. Nikimwongezea jingine likamshinda, kesho atakuja na lile lililomshinda. We Haraka, nenda kachote maji."

Sikumwelewa. Nilivyoona mimi ni kwamba kila ng'ombe alipofanya vizuri kazi ilikatishwa, na kila alipokosea shangazi alikuwa na siku nzima ya kumrudia, kwa sauti ileile, bila fimbo. Nikajipa jibu la kitoto: shangazi anaogopa. Anaogopa kupigwa teke, anaogopa Karani akichoka baba atagomba, anaogopa kufika mwisho. Na Masanja, ambaye midomo yake haikuwahi kupumzika, alikuwa anapita njiani anauliza, "Mama Mwalimu, hao wako wa chuo kikuu wanahitimu lini?" Wote walicheka, shangazi naye. Mimi nilimchukia Masanja, kisha nikahesabu vidoleni miezi tangu Karani aje, nikaona kwamba Masanja anasema kweli.

Kulikuwa kumebaki hatua moja. Shangazi alikuwa anamzoeza Karani mlio wa mnyororo, kwa sababu plau huvutwa kwa mnyororo, na ng'ombe asiyeujua huo mlio huona kitu kinamfukuza kwa nyuma. Kwanza aliutundika karibu na hori akawa anautikisa wakati Karani anakula. Kisha akawa anautembeza nyuma yake ufukweni, kwenye mchanga, ambako hautoi sauti kubwa. Alikuwa bado hajaufunga kwenye nira.

Jioni moja mawingu yakajikusanya juu ya ziwa. Tulikuwa tunakula ugali na samaki wa furu, na baba akatazama juu, akasema, "Dada, mvua zitatukuta Karani wako bado anasikiliza muziki wa mnyororo. Safari hii nampeleka mnadani, na wewe nakupandisha kivuko, nakurudisha kwa shemeji."

Mama alicheka. Shangazi alicheka mpaka akapaliwa. "Nipandishe," alisema. "Halafu jaruba utalivuta wewe na Tajiri, na mimi nitatuma salamu."

Wakacheka tena, kila mmoja kwa namna yake. Mimi nililirudisha tonge sahanini. Sikujua kwamba kaka na dada wanaweza kutaniana kwa kitu kinachouma. Nilidhani nimesikia hukumu. Miaka mingi baadaye nilimwuliza baba juu ya maneno hayo, akiwa mzee na amepoa. Hakuyakumbuka hata kidogo. Akasema, "Mimi nimfukuze Minza? Na kaburi la baba ningelipita vipi?"

Siku tatu baada ya jioni ile ikaja habari ya msiba Kisesa, upande wa bibi yangu mzaa baba. Shangazi na mama wakaenda. Baba alibaki akishinda majarubani kuziba kingo, nasi tulikuwa likizo. Shangazi aliniachia kazi ya kumpa Karani majani na kumpeleka kunywa maji. Alinishika bega. "Maji na majani tu. Mambo mengine tutayakuta, hayana miguu."

Nataka nieleweke: sikuwa nafanya utundu. Nilikuwa nimelala macho nikiwaza kivuko, na sanduku la bati likipandishwa. Nilipiga hesabu kwamba shangazi akirudi amkute Karani anavuta gogo, basi yameisha, atabaki kwetu. Nilimwona atakavyoshika kiuno na kucheka. Kila mtu aliyewahi kuharibu kitu kwa upendo analijua hilo joto la kifuani, unajiona mwema kuliko wote.

Shangazi alifundishia ufukweni, mchangani, lakini huko kulikuwa na wanawake wakifua na wavuvi wakitandaza dagaa, wangeniona. Kwa hiyo nikawapeleka Tajiri na Karani nyuma ya mawe makubwa yaliyo karibu na kwetu, ambako ardhi ni mwamba mtupu na udongo kidogo juu yake. Baba alikuwa ameacha gogo la kuni pale. Lilikuwa kubwa. Nililichagua kwa sababu lilikuwa karibu, na kwa sababu kijiti kidogo kisingemshangaza mtu.

Tajiri alisimama. Niliinua ncha moja ya nira nikamwekea, nikapita upande wa pili, na Karani akaja mwenyewe, akaingiza shingo. Nilijiona mwalimu kamili. Nikachomeka vijiti vya nira, nikafunga mnyororo, nikafunga gogo, nikasema, "Twende."

Mnyororo ulikaza, ukakwaruza mwamba. Mimi mwenyewe nilishtuka, maana sikuwahi kuusikia juu ya jiwe; ulilia kama bati linaloburutwa. Karani aliruka mbele. Alivyoruka ndivyo ulivyozidi kulia. Tajiri alifanya alichofundishwa maisha yake yote, palipotokea fujo alisimama, na kwa kuwa Tajiri alisimama, Karani hakuwa na pa kukimbilia. Alizunguka kinyumenyume, mnyororo ukampita katikati ya miguu ya nyuma, gogo likabingirika kwenye mteremko likampiga vifundo. Akaanguka magoti. Akalia. Sikujua ng'ombe analia hivyo.

Nilivuta vijiti vya nira, havikutoka, shingo ilikuwa imevikaba. Nikamwomba ainuke. Nikamvuta pembe. Kila alipotikisika mnyororo ulitikisika, naye akazidi kurusha miguu. Ndipo nikaokota fimbo nikampiga. Nilimpiga puani, mara nyingi, huku nalia na kumtukana, mpaka akainuka kwa kuniogopa mimi kuliko alivyouogopa mnyororo. Sehemu hiyo sikuwahi kumsimulia mtu, hata mume wangu.

Nikawatoa. Nikamwosha Karani ziwani, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikaufuta hata mnyororo. Jioni miguu ilikuwa imevimba na baba akaona anachechemea. Nilimwambia ameteleza kwenye mawe akienda kunywa. Baba alikuwa amechoka, akasema mtoto wa watu pole, akimaanisha ng'ombe.

Shangazi alirudi siku iliyofuata. Hakuingia hata ndani. Alipita zizini na kitenge chake cha msibani. Alinyoosha mkono, na Karani akarudi nyuma. Aliuacha mkono pale hewani, nadhani kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisubiri kitu. Kisha akamkagua, miguu, masikio, midomo, shingo. Akaniita.

"Limi." Hakusema Haraka. "Kulikuwa na nini nilipokuwa sipo?"

"Aliteleza kwenye mawe, shangazi."

"Basi?"

"Basi."

"Hakuna mtu aliyemgusa? Masanja hakuja hapa?"

"Hakuna."

"Sikugombezi. Nataka kujua tu ili nijue pa kuanzia."

Ilikuwa ni kusema tu. Mlango ulikuwa wazi, aliufungua kwa mkono wake mwenyewe. Nami nikafikiri: nikisema, ataona kwamba mimi ndiye nimempeleka Sengerema. Nikasema, "Hakuna mtu, shangazi." Akaniamini. Hakunikazia macho, hakuuliza mara ya tatu. Mpaka leo naumia zaidi kwa kuaminiwa kule kuliko kwa uongo wenyewe.

Akaanza upya. Ndoo, magadi, kutazama kwingine. Lakini alianzia pasipo penyewe, kwa sababu sikumpa pa kuanzia. Alidhani ni miguu inayouma, akamkanda kwa maji ya moto. Alidhani ni shingo, akafunga vitambaa kwenye nira. Akabadilisha upande, akamweka Tajiri kulia. Karani alitulia mchangani, siku mbili, siku tatu, tukaanza kupumua. Kisha siku moja wanapita langoni, mnyororo ukagusa jiwe la kizingiti, naye akaanza kutetemeka mwili mzima na kujikojolea. Shangazi alisimama pale na mnyororo mkononi, hajui amefanya nini.

"Nimemwahisha," alimwambia baba jioni hiyo. "Mnyororo nimemletea mapema."

"Wewe? Kumwahisha?" Baba alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Nilisikia watu wanasema nachelewa, nikamwahisha bila kujua. Hakuna mwingine wa kulaumu. Mimi ndiye niliyekuwa naye."

Nilikuwa nimekaa pale, hatua tatu kutoka kwake, nachambua maharage. Niliendelea kuchambua.

Mvua zikaja. Masanja, kwa kumtendea haki, alileta jozi yake akatulimia jaruba letu na hakusema hata utani mmoja. Baba hakumpeleka Karani mnadani. Alisema mwakani yupo, atapona, ng'ombe ni mali ya kusubiri. Shangazi ndiye aliyekataa. Alisema mnyama anayetetemeka hasubiri mwaka, anateseka mwaka, na akamfunga ile kamba ya katani akampeleka mnadani mwenyewe kwa miguu. Nilimwona akipita nyuma ya mawe, Karani akimfuata, kamba imelegea kama alivyomzoeza. Alirudi na kamba peke yake, akaitundika.

Baada ya hapo watu walileta ndama, akawarudisha. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale, kwamba mkono wake umeharibika. Walidhani anaringa, wengine wakadhani amerogwa. Akawa anapika, anafua, anamsaidia mama, na nyumba yetu ikawa na wanawake wawili wa jiko moja, jambo ambalo halikuwahi kuwa tatizo alipokuwa na zizi lake. Baada ya mavuno wazee wa upande wa mumewe wakaja kumwomba arudi. Walishakuja mara mbili kabla na aliwapa maji ya kunywa na jibu la hapana. Safari hii aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Huna haja ya kwenda, dada," baba alimwambia mbele yao, jambo ambalo halikuwa adabu.

"Na nikikaa, nakaa kama nani?"

Tulimsindikiza mpaka kwenye kivuko. Baba alibeba sanduku. Nilikuwa nimeapa usiku kucha kwamba nitasema pale, kabla hajapanda, na nilipofika mbele yake nilifungua mdomo. Aliinama ili asikie. Nikasema, "Safari njema, shangazi." Akanipapasa kichwa akapanda, na kile nilichokiogopa kikatokea mbele ya macho yangu, kwa kazi ya mikono yangu, na bado sikusema.

Maisha yake huko sikuyaona kwa karibu, na kusema kweli nilihakikisha siyaoni. Nilienda misiba miwili na harusi moja. Kila mara nilikuta amepungua. Safari moja nilikuta kifundo cha mkono wake wa kulia kimepona vibaya, kimepinda, na alipoona nakitazama alikifunika kwa kanga. Hakuwahi kugusa ng'ombe tena, na mumewe alikuwa na ng'ombe wengi. Mume akafa, yeye akabaki kwenye ile nyumba. Nilikuwa namtumia sukari na vitenge. Nikiulizwa mbona siendi, nilisema kivuko kinachosha, foleni, jua. Kilikuwa kisingizio kizuri. Sasa wamejenga daraja, mtu anavuka ziwa kabla chai haijapoa, nimebaki sina la kusema.

Jumapili iliyofuata ile siku ya katani, nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka kibarazani, anachambua mchele kwenye ungo kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Haraka. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Nilikaa. Nilijua nikiulizwa habari za wajukuu nitajificha humo, kwa hiyo nilisema kabla sijavua viatu. Nilisema yote, mawe, gogo, mnyororo, fimbo. Nilisema hata nilivyompiga puani. Mkono wake uliacha kutembea kwenye mchele, na alisikiliza amenipa sikio lake lenye nafuu. Nilisubiri alie, au anifukuze. Akauliza, "Ulimweka upande gani?"

"Nini, shangazi?"

"Karani. Kulia au kushoto kwa Tajiri?"

"Kulia."

"Na gogo ni lile la mkuyu?"

"Lile."

"Mnyororo uliufunga mfupi au mrefu?"

"Mrefu. Sikujua."

"Mrefu." Alikuwa amenyooka mgongo. Macho yake yalikuwa yameamka, namna ambayo sikuiona tangu nikiwa na miaka kumi. "Basi ulizunguka ukampita ndani. Na juu ya mwamba! Kumbe ni jiwe. Nilitafuta kwenye shingo, nikatafuta kwenye miguu, kumbe ni jiwe, ndiyo maana mchangani alitulia. Ee! Sikumwahisha." Akaanza kufundisha, mkono wa kushoto ukichora mkekani. "Ningeuvalisha gunia huo mnyororo. Ningemtembeza mchangani tu, kushoto kwa Tajiri, hakuna lango, hakuna jiwe. Gunia ningelitoboa kidogo kidogo. Pua ningeikanda kila asubuhi mpaka aone fimbo haipo. Mwezi mmoja. Angelima kabla mpunga haujapandwa."

Akatabasamu, kabisa, kwa ajili ya Karani. Nilimwona anafurahi, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilidhani nimepona. Kisha tabasamu likaondoka lenyewe. Alitazama chini, kwenye mkono wake uliopinda.

"Mwezi mmoja, Limi," alisema.

"Niliogopa, shangazi. Niliona utanichukia."

"Ningekuchapa. Ningekuchapa vizuri, ungelia, jioni ungekula. Kesho yake tungeanza upya." Alianza tena kuchambua mchele, punje moja moja, na aliposema lililobaki alilisema bila ukali. "Na huku nisingerudi."